Alhamisi Sita na Buibui Mweupe

Niseme mapema nisimpotezee mtu muda: darasa hili ni la bure, halitoi cheti, na kwa majuma sita mtasoma shairi moja tu lenye mistari 14. Anayetafuta kozi ya kumpandisha kazini aendelee kutafuta. Mimi nimekaa madarasa mengi tangu nifike Marekani, ya Kiingereza, ya udereva, ya uuguzi msaidizi, na hakuna hata moja lililonifanya nibaki kwenye gari dakika kumi baada ya kipindi, ufunguo mkononi, bila kuwasha injini. Hili lilinifanya hivyo mara mbili.

Linaendeshwa na maktaba ya mji mdogo kusini mwa New Hampshire, kila Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, Juni na Julai. Mimi nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, naingia saa tatu, kwa hiyo muda ulinifaa. Tangazo nililiona siku nilipokwenda kuchapisha fomu za Mama. Tulikuwa watu tisa: mzee mstaafu wa posta, mume na mke wenye shamba la kuku, binti wa sekondari aliyekuja na bibi yake, dada mmoja wa Kisomali anayefanya kazi hospitalini, na wengine. Anayefundisha ni mama aliyestaafu ualimu. Wote walimwita kwa jina lake la kwanza kama ilivyo desturi ya hapa. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mwalimu hadi siku ya mwisho, naye akazoea kuitika.

Shairi lenyewe ni "Design" la Robert Frost, mshairi wa Marekani. Wengi hapa wanamjua Frost kama babu mwema wa theluji na kuta za mawe. Mwalimu alitueleza kwamba mwaka 1959, kwenye karamu ya kutimiza kwake miaka 85 huko New York, mhakiki Lionel Trilling alisimama akasema kwamba yeye humwona Frost kuwa mshairi wa kutisha, na watu wakakasirika. Ukilisoma shairi hili unaelewa Trilling alikuwa anasema nini. Frost aliandika umbo lake la kwanza akiwa mwalimu Plymouth, kaskazini mwa jimbo hili hili, akalituma Januari 1912 kwa mhariri Susan Hayes Ward, ambaye gazeti lake lilikuwa limemnunulia shairi lake la kwanza mwaka 1894. Hilo la kwanza lilikuwa la kipepeo. Hili la pili lina kipepeo pia, ila ni wa usiku, na amekufa. Lilichapishwa mwaka 1922 likiwa limebadilishwa sana, na mwaka 1936 akaliingiza katika diwani yake.

Kwa asiyelijua: msemaji anakuta buibui mnene, mweupe, mwenye vibonyo, amekaa juu ya ua jeupe, ameinua kipepeo wa usiku mweupe aliyekauka kama kipande cha satini. Anavitazama vitatu hivyo kana kwamba ni viungo vya mchuzi wa wachawi, vimechanganywa tayari kuianza asubuhi vizuri. Halafu anauliza. Ua hili, ambalo kando ya njia huwa la buluu na halina hatia, weupe umelipata wapi? Nini kilimleta buibui ndugu yake hadi kimo kile, kisha kikamwongoza kipepeo mweupe mpaka pale usiku? Ni nini kama si mpango wa giza, uliokusudiwa kutia hofu? Kisha mstari wa mwisho: kama mpango hutawala katika kitu kidogo namna hii.

Alhamisi ya kwanza Mwalimu alitukataza kabisa kusema shairi "linamaanisha" nini. Alikuja na kikopo cha mtindi chenye udongo na mche mmoja mfupi, ameung'oa kwenye nyasi za maktaba hiyo hiyo, hatua chache kutoka maegesho. Ndio mmea wa kwenye shairi. Jina lake la Kiingereza ukilifasiri ni ponya-yote. Sisi tuna mwarobaini, mti unaosemwa kutibu magonjwa arobaini. Wao wana kijani hiki kisichofika hata goti, ambacho zamani walikiweka kwenye vidonda na kukinywa kwa maumivu ya koo. Alituambia tuviringishe shina kati ya vidole. Halikuviringika: lina pembe nne, kama la minti, maana ni wa ukoo mmoja. Tulikipitisha kikopo mkono kwa mkono, watu tisa, na kila mmoja akatakiwa aseme rangi ya ua. Zambarau. Zambarau. Buluu iliyokolea. Zambarau. Kilipomaliza mzunguko akauliza, "Frost ameona rangi gani?" Hapo ndipo mstari wa pili ulipotuingia. Nilikuwa nimeusoma nyumbani mara tano na sikuwa nimestuka hata kidogo, kwa sababu mimi sikujua ua lile lina rangi gani. Ua jeupe la aina hiyo hutokea, ila ni la nadra. Kikopo cha mtindi kilinifundisha kuliko kamusi.

Neno jeupe linarudi mara tano katika mistari 14. Na hapa naomba niseme jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalishika kabla ya Mmarekani. Wenzangu walihangaika: weupe si usafi? Si bibi harusi? Mwalimu akawaonyesha kwamba satini ndicho kitambaa kinachotandikwa ndani ya majeneza yao, na kwamba kitenzi cha mstari wa 13, "appall", kwa asili yake ni kumfanya mtu apauke, na ndani yake unasikia pia "pall", kitambaa kinachofunika jeneza. Dada wa Kisomali na mimi tulitazamana. Sisi hatukuhitaji kufundishwa. Kwetu moyo mweupe ni sifa, lakini nyeupe ndiyo rangi ya sanda, na anayekafiniwa haendi na rangi nyingine. Mtoto yeyote aliyesimama karibu na kaburi anajua kwamba weupe una sura mbili.

Alhamisi ya pili ilitokea hitilafu, na nitairudia kwenye malalamiko yangu, lakini ilizaa kipindi kizuri. Karatasi tulizogawiwa mtu fulani alizitoa mtandaoni, na mwisho wa mstari wa 14 palikuwa na alama ya kuuliza. Binti wa sekondari alikuwa na kitabu cha bibi yake. Akanyoosha mkono: kwenye kitabu pana nukta. Mwalimu aliacha kila alichopanga, na kwa saa nzima tukakaa juu ya nukta hiyo. Katika shairi lilivyochapwa, alama ya kuuliza iko mwisho wa mstari wa 13, ikifuatwa na kistari kirefu. Mstari wa 14 hauulizi. Unakuja baada ya swali kwisha, unalitilia shaka swali lenyewe, kisha unakoma. Ukiweka alama ya kuuliza pale, Frost anakuwa mtu anayetuomba jibu. Ukiweka nukta, ni mtu aliyesema alichonacho na hakuna cha kuongeza. Toka siku ile nimekuwa nikitazama mwisho wa kila mstari kama ninavyotazama kipimo cha dawa ya mgonjwa.

Sasa Alhamisi ya tatu.

Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2004, wakati wa masika, mdogo wangu alikuwa na miaka minne na mimi kumi na miwili. Tulilala watatu chini ya chandarua kimoja cheupe. Upande wa miguu kilikuwa na tundu la ukubwa wa kizibo cha soda; Mama alilishona kwa uzi mweusi, likafumuka. Homa ilianza Jumamosi. Jumatatu usiku degedege. Kabla jua la Jumanne halijatoka, hayupo.

Kwenye matanga nilisikia maelezo matatu. Mbele ya nyumba, pale kwenye mikeka, wazee walisema ni mipango ya Mungu, kazi yake haina makosa. Nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, mashangazi walisema kwa sauti ya chini kwamba huo ni mkono wa mtu, na jirani mmoja akatajwa. Muuguzi wa zahanati alisema ni mbu. Mimi swali langu halikuguswa na hata mmoja wao. Tundu lilikuwa miguuni, sawa kwa sisi sote watatu. Kwa nini yeye?

Kwa hiyo nilipofika kwenye mistari ya 9 hadi 13 sikukutana na kitu kigeni. Frost anazunguka mlemle kwenye matanga yetu. Ua limekuwa jeupe tu, imetokea: hayo ni maneno ya anayesema bahati mbaya. Kuna kitu kimemleta buibui, kikamwongoza kipepeo: hiyo ni mikeka ya wazee. Giza na mchuzi wa wachawi: hayo ni mafiga ya mashangazi. Tofauti ni kwamba sisi tunaviweka mbali mbali. Mpango ni wa Mungu, na giza ni la mchawi, na mtu hapiti kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma bila kubadilisha sauti. Frost ameviunganisha kwa neno moja dogo: mpango wa giza. Niliposimama kulitamka kwa Kiswahili mbele ya darasa, mdomo ulisita kwenye ile "wa".

Niliwasimulia habari ya chandarua. Ninachomsifia Mwalimu zaidi ya yote ni alichofanya baada ya hapo. Hakuniambia kwamba mdogo wangu yuko mahali pazuri. Hakunigeuza kuwa mfano wa somo. Alinyamaza kiasi cha pumzi tatu nne, kisha akaniomba nisome mstari wa 12 tena, polepole. Nikausoma. Dada wa Kisomali akasema kwamba katika Kurani, sura ya sita, imeandikwa kuwa halianguki jani ila Yeye analijua. Bibi wa yule binti akataja shomoro wa Injili ya Mathayo. Mzee wa posta akauliza, kujua na kupanga ni kitu kimoja? Hakuna aliyejibu papo hapo, na Mwalimu hakulazimisha. Huo ndio usiku wa kwanza niliokaa kwenye gari.

Alhamisi ya nne ilibeba mengi kuliko uwezo wake, nitasema machache. Tulipitishwa kwa William Paley, kasisi wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1802 kwamba ukiokota saa porini utajua ina fundi, na viumbe vivyo hivyo. Kisha barua ya Charles Darwin ya Julai 1860 kwa Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard aliyeamini kwamba mageuko ya viumbe na mpango wa Mungu vinaweza kukaa pamoja. Darwin anamuuliza: mbayuwayu anapomnyaka usubi, unaamini Mungu alipanga kwamba mbayuwayu yule amnyake usubi yule, nukta ile ile? Na mtu mwema aliyesimama chini ya mti akapigwa na radi, unaamini Mungu alimuua kwa makusudi? Darwin anasema watu wengi huamini hivyo, yeye hawezi. Frost alisoma Harvard kati ya 1897 na 1899, kwa hiyo mabishano hayo aliyakuta bado yana moto. Mimi niliposikia usubi nilimsikia mbu.

Siku hiyo hiyo mzee wa posta alileta picha alizopiga mwenyewe kwenye bustani yake, amezikuza hadi buibui anajaa karatasi. Ni buibui kaa, yule asiyefuma utando wa kutegea, anayekaa juu ya ua akiwa ametanua miguu ya mbele. Jike lake hubadilika rangi, kutoka nyeupe kwenda njano na kurudi, kulingana na ua analokaa, na kazi hiyo humchukua siku kadhaa. Kwa hiyo, mzee akasema, hakuna muujiza. Ua jeupe ni nadra lakini hutokea. Buibui akikaa juu yake atakuwa mweupe. Na kitu cheupe gizani huonekana mapema kuliko cha buluu, kwa hiyo kipepeo amejileta. Akakaa chini.

Kuna waliomwona anaharibu shairi. Mimi namtetea. Maelezo ya muuguzi wetu ndiyo yaliyoleta chandarua kipya wiki iliyofuata, na wawili tuliobaki tukalala salama. Maelezo ya wazee yalimsaidia Mama kusimama. Maelezo ya mashangazi yalituletea ugomvi wa miaka miwili na jirani ambaye hakuwa amefanya lolote, mama wa watoto watano, tuliyekuwa tukichota naye maji bomba moja. Mtu asidharau habari ya rangi ya buibui. Lakini mzee mwenyewe, alipoulizwa na binti wa sekondari kwa nini kipepeo yule na siyo wa ua la pili, alitazama picha zake muda mrefu, akasema, "Hilo picha hazionyeshi."

Alhamisi ya tano Mwalimu aliwataka wenye lugha nyingine wajaribu kulifasiri. Jina peke yake lilinichukua jioni mbili. Neno la Kiingereza lina mambo mawili kwa mkupuo: umbo lililochorwa na nia iliyo nyuma ya umbo. "Nakshi" ina la kwanza tu. "Kusudi" ina la pili tu. "Njama" imeshahukumu. "Usanifu" inanipeleka kwenye ofisi za wachora ramani. Nikachagua "Mpango", kwa sababu ndilo neno la kwenye mikeka, na nilitaka shairi lisikike pale pale.

Mstari wa mwisho ukawa mgumu zaidi. Nikiandika "ungetawala", nimeshasema hautawali. Nikiandika "ukitawala", msikilizaji anangoja jambo litakalofuata, na hakuna kinachofuata. Ikabaki "kama". Na nilipoiandika "kama" nikaona kitu kilichonisimamisha. Katika mistari minane ya kwanza Frost anafananisha mara nne: kama kipande cha satini, kama viungo vya mchuzi, kama povu, kama tiara ya karatasi. Kiingereza kina neno moja la kufananishia na jingine la sharti. Sisi tuna moja kwa yote mawili. Kwa hiyo katika Kiswahili "kama" inapita mara nne ikichora picha, umeshaizoea, unaiamini, halafu inarudi mara ya tano mwishoni na safari hii haifananishi chochote: Kama mpango hutawala katika kitu kidogo namna hii. Mwalimu aliandika "kama" ubaoni kwa herufi kubwa, akanitaka nieleze mara mbili. Hakuna aliyeifuta hadi darasa lilipokwisha.

Niseme pia kwamba vina vilinishinda. Frost ana vina vitatu tu katika shairi zima, na kile cha neno "white" kinarudi mistari saba. Mizani kumi kila mstari. Anayehoji kama kuna aliyepanga, mwenyewe amepanga hivyo. Ile rasimu ya 1912 ilimalizia kwa kuuliza kama neno "design" amelitumia sawasawa, na jibu la mwisho alilolipata baada ya miaka kumi ni kuliondoa swali hilo na kuweka "kama". Tafsiri yangu ina maana, haina vina, na kwa shairi hili hiyo ni nusu ya kazi.

Jumamosi kabla ya kipindi cha mwisho watano kati yetu tulikwenda Derry, kwenye shamba alilokaa Frost kuanzia 1900 hadi 1909. Sasa ni mali ya jimbo. Halimo kwenye ratiba ya darasa, lakini mtu akichukua darasa hili bila kwenda Derry ameacha kitu. Ni nyumba ya mbao nyeupe ya orofa mbili, imeungana na ghala nyuma, kando ya barabara ya 28. Kuna njia fupi ya kutembea inayopita kwenye ukuta wa mawe na kijito, yote mawili yamo kwenye mashairi yake. Nyumba hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo hakikisha kwanza. Katikati ya karne iliyopita eneo hilo lilikuwa limegeuka jalala la magari mabovu. Jimbo lililinunua miaka ya 1960, na binti yake mkubwa Lesley akasaidia kukumbuka kila kitu kilikaa wapi.

Kule ndiko niliposikia habari za Elliott. Alikuwa mtoto wao wa kwanza. Julai 1900, kabla hawajahamia shambani, alishikwa na ugonjwa wa kuhara, akafa hajatimiza miaka minne. Daktari alipofika alisema ameitwa amechelewa, na Frost alijilaumu. Walihamia Derry Oktoba. Novemba mama yake Frost naye akafa. Mwaka 1907 wakazaa binti, akaishi siku chache tu. Nilisimama jikoni kwao nikitazama jiko la chuma. Hakuna popote kwenye shairi panapotajwa mtoto, na sitaki kusema shairi "linahusu" Elliott. Mwalimu angenikatalia na angekuwa sahihi. Nasema tu kwamba nilirudi kwenye gari, na wenzangu wakaningoja.

Alhamisi ya sita tulilisoma kwa sauti, mtu mmoja mmoja, mara tisa, basi. Hakuna aliyefunga mjadala. Kuna walioamini mpango na wanaoamini bado. Mimi ni mmoja wao, na Jumapili hiyo nilikuwa kanisani. Kuna wasioamini. Hakuna aliyeondoka akiwa ameshindwa.

Sasa malalamiko. Karatasi zikaguliwe na kitabu kilichochapwa, kabla ya kugawiwa. Kwetu kosa lilikamatwa kwa sababu tu binti alibeba kitabu cha bibi yake. Herufi ziongezwe ukubwa, kuna wazee. Chumba kina baridi ya mashine kali hata Julai, njoo na sweta. Alhamisi ya nne igawanywe, Darwin apewe jioni yake. Basi la mwisho linaondoka kabla darasa halijaisha, hivyo asiye na gari ananyimwa robo saa ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo tamu; waandaaji wakianza nusu saa mapema tatizo limekwisha. Kiingereza cha juu hakihitajiki. Mimi nilikuja na penseli na simu yenye kamusi, vikatosha.

Mama anaishi nasi. Nilimsomea tafsiri yangu jikoni, anachambua mchele. Hakusema kitu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo mzee aliwahi kuzika?" Nikamwambia ya Elliott. Akapepeta sinia mara mbili, akasema, "Soma tena pale pa kama." Nikasoma. Akarudi kwenye mchele.

Msimu wa pili unaanza Septemba, shairi jingine, Mwalimu yule yule. Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika lugha mnayosoma nyumbani. Nimeandika Kiswahili na Kibembe, na majina mawili.